Namna ya Kupima Chakula cha Nyumbani na Kuhesabu Kalori kwa Usahihi Ili Kupunguza Uzito

Swali ambalo wanaoanza kupunguza uzito huliuliza kila mara huja na picha ya sahani: ugali, maharage, mchicha na kipande cha samaki, kisha maneno, "Hapa kuna kalori ngapi?" Jibu la kweli ni kwamba picha haiwezi kusema. Matonge mawili ya ugali yanayolingana kwa macho yanaweza kupishana sana kwa unga yaliyoubeba, na mchicha unaoonekana mwepesi unaweza kuwa umekaangwa kwa mafuta yenye kalori nyingi kuliko huo ugali. Chakula chetu hupikwa katika sufuria moja kwa ajili ya watu wengi, na kalori zake huamuliwa humo ndani kabla sahani haijaguswa. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia jikoni, na ndiyo maana ninasisitiza tangu mwanzo kwamba anayepima sahani bila kupima sufuria anakisia tu, hata kama mizani yake ni ya kisasa kiasi gani.

Nani asianze bila ushauri

Mjamzito, mama anayenyonyesha, mtoto na kijana ambaye bado anakua hawapaswi kupunguza kalori kwa kufuata mwongozo wa kusoma. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari azungumze kwanza na daktari wake, kwa sababu akipunguza chakula huku dozi ikibaki ileile, sukari inaweza kushuka hadi kiwango cha hatari. Yeyote aliyewahi kusumbuliwa na tabia ya kujinyima chakula au kujitapisha namshauri asizishike namba hizi kabisa, kwani zinaweza kuliamsha tatizo lililokwisha kutulia. Halmashauri nyingi nchini Tanzania zina maafisa lishe, na kumwona mmoja wao kabla ya kuanza ni jambo jema hata kwa mtu mwenye afya.

Vitu vya kuandaa

Unahitaji mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu moja moja na kubeba hadi kilo 5. Usinunue ya mshale, kwa kuwa haiwezi kuonyesha tofauti ya gramu 10 za mafuta, na hizo gramu 10 ndizo zenye kalori 90. Usinunue pia ile ndogo inayoishia kilo 1, kwa kuwa utakuja kuweka juu yake sufuria iliyojaa. Hakikisha ina kitufe kilichoandikwa TARE au herufi T, ambacho huirudisha kwenye sifuri huku chombo kikiwa juu yake.

Pamoja na hiyo, andaa mizani ya kupimia mwili, daftari au programu ya simu ya kuandikia, na jedwali la kalori za vyakula. Jedwali la Tanzania la virutubishi vya vyakula lilichapishwa mwaka 2008 na Kenya ilitoa lake mwaka 2018. Yote mawili yanapatikana kwenye intaneti, na yana vyakula vya kwetu ambavyo programu za nje hazivijui. Kwa kuanzia, namba zifuatazo zinatosha. Ni za gramu 100 za chakula, nazo ni za kukaribia:

- Unga wa mahindi, dona au sembe: 360
- Mchele mkavu: 360, wali mweupe usio na mafuta wala nazi: 130
- Unga wa ngano: 364
- Maharage makavu: 340
- Mafuta ya kupikia ya aina yoyote: 900
- Karanga: 570
- Tui zito la nazi: 230
- Sukari: 400
- Viazi vitamu vibichi: 86, viazi mviringo vibichi: 77, muhogo mbichi: 160
- Parachichi: 160, ndizi mbivu bila ganda: 90, embe bila ganda wala kokwa: 60
- Mayai bila maganda: 143
- Maziwa yasiyoondolewa mafuta: 65
- Sato mbichi, mnofu mtupu: 96
- Mchicha 23, nyanya 18, vitunguu 40

Wengi huuliza kama dona lina kalori chache kuliko sembe. Tofauti ni ndogo mno kwa kazi hii. Dona lina nyuzinyuzi zaidi na hushibisha vizuri, na hiyo ni sababu ya kutosha ya kulipenda, lakini usilihesabu nusu kwa sababu tu halijakobolewa.

Hatua ya 1: Jaribu mizani, kisha pima sufuria zako zote zikiwa tupu

Weka chupa tupu juu ya mizani, bonyeza TARE, kisha jaza maji nusu lita uliyoipima vizuri. Mizani isome gramu 500 au karibu sana na hapo, kwa kuwa mililita moja ya maji ina uzito wa gramu moja. Ikipotoka kwa gramu 20 au zaidi, badilisha betri, iweke juu ya meza ngumu iliyolala sawa, na ujaribu tena.

Ukishaiamini mizani, osha na ukaushe kila sufuria unayopikia, bila mfuniko, uipime na uandike uzito wake mahali utakapouona. Wino usiofutika kwenye kipande cha utepe wa gundi kilichobandikwa ndani ya mlango wa kabati unatosha: "Sufuria ya ugali, 700. Ya mboga, 540." Kazi hii ya dakika 10 hutafanya tena, na usipoifanya leo utashindwa kabisa kwenye hatua ya 5, kwa kuwa chakula kikishaingia huwezi tena kujua sufuria yenyewe ina uzito gani.

Hatua ya 2: Andika wiki nzima bila kubadili unachokula

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na ndipo wanapojiharibia. Kwa siku 7 kula kama kawaida yako, ila kila kinachoingia mdomoni kipimwe kwa njia za hatua ya 4 hadi ya 8 hapa chini na kiandikwe, pamoja na kipande cha andazi la mtoto na vijiko viwili vya pilau ulivyoonja jikoni. Faida yake ni mbili: unajifunza kupima ukiwa bado huna njaa ya kukuharakisha, na unapata picha ya kweli ya ulaji wako. Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 katika jarida la New England Journal of Medicine uliwachunguza watu wanene walioamini kwamba hawapungui ingawa wanakula kidogo, na ukakuta kwamba kwa wastani walikuwa wakiripoti pungufu kwa asilimia 47 ya walichokula kweli. Matokeo hayo hayatoshi kumwita mtu yeyote mwongo. Kukadiria kwa macho ni kugumu kwa kila mtu, na mafuta hayaonekani yakishaingia kwenye mboga.

Hatua ya 3: Weka lengo la kalori kwa siku

Tumia kanuni ya watafiti Mifflin na St Jeor, iliyochapishwa mwaka 1990. Zidisha uzito wako wa kilo kwa 10, zidisha urefu wako wa sentimita kwa 6.25, jumlisha, kisha toa miaka yako mara 5. Mwanamume aongeze 5. Mwanamke atoe 161. Jibu hilo ni nishati ambayo mwili unatumia ukiwa umepumzika tu. Lizidishe kwa 1.2 kama unashinda umekaa, kwa 1.375 kama unatembea kiasi na kufanya kazi za nyumbani, au kwa 1.55 kama kazi yako ni ya kusimama na kubeba.

Chukua mfano wa mwanamke wa miaka 34 mwenye kilo 78 na urefu wa sentimita 160. Hesabu yake ni 780 jumlisha 1,000, toa 170, toa 161, jibu ni 1,449. Akizidisha kwa 1.375 anapata kama 1,990, ambayo ndiyo takriban inayoutunza uzito wake ulivyo. Akitoa kalori 400 hadi 500, lengo lake linakuwa kati ya 1,500 na 1,600 kwa siku.

Angalizo: usitoe zaidi ya hapo kwa sababu una harusi mwezi ujao. Mwanamke asishuke chini ya kalori 1,200 na mwanamume asishuke chini ya 1,500 bila usimamizi wa daktari au afisa lishe. Lengo la chini mno huvunjika siku ya tano kwa njaa, na siku hiyo moja hufuta upungufu wa siku nne zilizotangulia.

Hatua ya 4: Pima vitu vikiwa vibichi, na yapime mafuta kwa chupa yake

Kila kitu chenye kalori kinachoingia sufuriani kipimwe kabla hakijaingia: unga, mchele, maharage makavu, nyama, nazi, karanga. Vitunguu, nyanya na mboga za majani vina kalori chache, hivyo ukivikadiria hutapotea sana. Mafuta yapimwe kila mara, bila kuruka hata siku moja.

Njia nyepesi ni hii. Weka chupa nzima ya mafuta juu ya mizani, bonyeza TARE isome sifuri, mimina kwenye sufuria kama ulivyozoea, kisha rudisha chupa. Mizani itaonyesha namba yenye alama ya kutoa, kwa mfano −38. Hizo ni gramu 38 za mafuta, yaani kalori 342, na umezipata bila kuchafua kijiko. Kijiko cha chakula kilichosawazishwa hubeba gramu kama 14 za mafuta, yaani kalori zisizopungua 120, lakini mkono wa mpishi haumimini kwa kijiko. Mtu anayeamini anatia "kijiko kimoja tu" mara nyingi anatia viwili na nusu, na anayepika mboga mbili kwa siku hapo amekwisha kupoteza hesabu ya mlo mzima.

Kwa vitu vinavyozama kwenye mafuta, kama maandazi, sambusa na samaki wa kukaanga, pima karai pamoja na mafuta kabla ya kukaanga. Baada ya kumaliza na mafuta kupoa, pima tena pamoja na mafuta yaliyochuruzika kwenye chujio. Kilichopungua kimeingia kwenye chakula, ukiacha kiasi kidogo kilichoruka. Usipime karai lenye mafuta ya moto: mizani ya plastiki itayeyuka na wewe unaweza kuungua vibaya.

Chapati ni mfano mzuri wa jinsi mafuta yanavyojificha. Gramu 500 za unga wa ngano zina kalori 1,820. Ukikandia gramu 30 za mafuta na chupa ikaonyesha kwamba ulichomea gramu 70 nyingine, umeongeza kalori 900, na jumla inakuwa 2,720. Zikitoka chapati 8 zinazolingana, kila moja ina kalori 340, na theluthi yake ni mafuta. Ukipima madonge kabla ya kusukuma ili yawe sawa, hutakuwa na haja ya kupima kila chapati ikiiva.

Tui nalo linahitaji uangalifu. La pakiti lina namba zake kwenye lebo, na zinatofautiana sana kati ya kampuni na kampuni, hivyo soma lebo yako. Ukikuna nazi mwenyewe, pima tui zito ulilokamua la kwanza na ulihesabu kwa 230 kwa kila gramu 100. Tui la pili na la tatu ni jepesi zaidi, na kalori zake zinategemea maji uliyotia. Mimi hushauri kulihesabu tui la pili kama theluthi ya la kwanza na kuliacha la tatu. Ni makadirio, lakini ukiyatumia yaleyale kila mara, kosa litabaki lilelile na halitakusumbua wakati wa kulinganisha wiki na wiki.

Hatua ya 5: Pima sufuria ikiiva, ndipo ugawe

Hii ndiyo hatua inayojibu lile swali la picha. Chakula kikiiva, ipua sufuria, ipumzishe kidogo, weka kitambaa kikavu au kibao juu ya mizani na ubonyeze TARE, kisha weka sufuria bila mfuniko. Toa uzito wa sufuria tupu. Kinachobaki ni uzito wa chakula kilichoiva. Gawanya kalori zote za vitu vibichi kwa uzito huo, na utapata kalori za kila gramu moja.

Ugali: umetumia gramu 500 za unga, yaani kalori 1,800. Sufuria na ugali vina gramu 2,000. Sufuria tupu ni 700. Ugali ni gramu 1,300. Gawanya 1,800 kwa 1,300, unapata 1.38. Tonge lako la gramu 350 lina kalori kama 485. Kesho ukisonga mgumu zaidi kwa unga uleule na ugali ukatoka gramu 1,150, kila gramu itakuwa na 1.57, na tonge la gramu 350 litakuwa na kalori 548. Macho yasingeiona tofauti hiyo. Ukoko ukibaki sufuriani haubadili hesabu, kwa kuwa uzito wake ulikuwamo ulipopima. Ukiukwangua na kuula, upime na uuandike.

Maharage ya nazi: maharage makavu gramu 400 (kalori 1,360), mafuta ya kuungia gramu 45 (405), tui zito gramu 200 (460), vitunguu gramu 150 (60), nyanya gramu 200 (karibu 40). Jumla ni 2,325. Yakiiva yakawa na gramu 1,860 pamoja na mchuzi wake, kila gramu ina 1.25, na upawa uliopakua wa gramu 240 una kalori 300. Koroga vizuri kabla ya kupakua, kwa sababu tui na mafuta huelea juu, na anayepakua wa kwanza huchukua zaidi ya fungu lake.

Kosa linaloongoza hapa ni kuchanganya namba za kikavu na za kilichoiva. Wali ulioiva gramu 300, ukiuandika kwa namba ya mchele mkavu, utakuonyesha kalori 1,080 badala ya 390, na utajinyima chakula bure. Kwa nyama mambo hugeuka: nyama hupoteza maji ikiiva, mara nyingi robo ya uzito wake, kwa hiyo ukipima iliyoiva na kuandika namba ya mbichi unajipunja hesabu na kula zaidi ya ulivyodhani. Chagua njia moja, nayo ni kupima kibichi, na uishike.

Hatua ya 6: Pakua juu ya mizani

Weka sahani, bonyeza TARE, pakua ugali, andika. Bonyeza TARE tena, pakua maharage, andika. Endelea hivyo hadi mboga ya mwisho. Kwa samaki mzima, nyama yenye mifupa au embe, pima kabla ya kula, kisha ukimaliza pima mifupa, ganda au kokwa na utoe. Ganda la ndizi mbivu pekee huwa karibu theluthi ya uzito wake.

Kula sinia moja ni jambo la heshima katika nyumba nyingi za Pwani na kwingineko, na sikushauri ujitenge. Kabla sinia halijatandikwa, pima fungu lako kwenye bakuli, kisha limimine upande wako wa sinia na ule hapohapo na wenzako. Kupima sinia zima na kugawa kwa idadi ya walaji hakufai, kwa kuwa hakuna watu wawili wanaokula sawa. Ukiwa nyumbani kwa mama au kwa mama mkwe, sema kwa adabu mapema, "Mama, leo naomba nijipakulie mwenyewe," nawe upakue na ushukuru. Ukisubiri hadi sahani iliyojaa iwe mbele yako, kuikataa kutaonekana kukidharau chakula.

Hatua ya 7: Vinywaji na vitafunwa viandikwe vilevile

Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu 4 za sukari, lakini vijiko tunavyotia kwenye chai huwa na kilima. Pima chako mara moja. Ukikuta vijiko vitatu ni gramu 20, basi kikombe kimoja kina kalori 80 za sukari kabla ya maziwa, na vikombe vitatu kwa siku ni 240. Soda ya mililita 350 ina kalori kama 140 hadi 150. Karanga za kiganja kimoja, gramu 35, zina 200. Juisi ya matunda uliyokamua mwenyewe nayo ina kalori za matunda yote yaliyoingia humo, hata bila sukari ya kuongeza. Maji, chai kavu isiyo na sukari na kahawa chungu havina haja ya kuandikwa.

Wakati wa Ramadhani, anza ukurasa wa siku kwenye futari na uufunge baada ya daku. Ukifuata saa sita za usiku utajikuta unagawa mlo mmoja kwenye siku mbili.

Hatua ya 8: Ukila nje, kadiria juu

Kwa mama ntilie huwezi kutoa mizani, na si lazima. Wiki zako za kupima nyumbani zitakuwa zimeyafundisha macho yako wali wa gramu 300 unavyoonekana. Chagua vinavyokadirika: samaki wa kuchoma, ndizi za kuchemsha, maharage, matunda. Omba mchuzi uwekwe pembeni. Kisha kwa kila mboga iliyoungwa ongeza kijiko kimoja cha mafuta, yaani kalori 120, juu ya makadirio yako, kwa sababu anayepika biashara hapimi mafuta kwa ajili yako. Chipsi mayai ihesabiwe kwa ukarimu: chipsi za gramu 250 pekee zina kalori karibu 780, na bado mayai hayajaingia.

Hatua ya 9: Pima mwili na urekebishe lengo

Pima mwili asubuhi, baada ya haja na kabla ya kunywa chochote, ukiwa na nguo nyepesi zilezile, mizani ikiwa juu ya sakafu ngumu. Fanya hivyo siku zote 7, kisha jumlisha na ugawanye kwa 7. Linganisha wastani wa wiki na wastani wa wiki. Usilinganishe Jumatatu na Jumanne. Pilau yenye chumvi jana usiku, siku za hedhi au choo kigumu vinaweza kupandisha mizani kwa kilo moja au zaidi bila mafuta yoyote kuongezeka mwilini. Kushuka kwa nusu kilo kwa wiki, au hata robo, ni mwendo mzuri. Kila ukipungua kilo 5, rudia hesabu ya hatua ya 3, kwa kuwa mwili mdogo unatumia kidogo.

Mambo yakikwama

*Wiki tatu zimepita na wastani haushuki.* Kabla ya kupunguza chakula, kagua mafuta. Rudia njia ya chupa kwa siku 3 mfululizo, pamoja na mboga zilizopikwa na mtu mwingine. Kisha kagua kuonja jikoni, mabaki ya watoto na siku za Jumamosi na Jumapili ambazo daftari lake huwa jeupe. Ikiwa yote yameandikwa na bado haushuki, basi kanuni ilikukadiria juu. Punguza kalori 100 hadi 150 na usubiri wiki mbili.

*Mpishi wa nyumbani ni mwingine na hataki kusumbuliwa.* Usimwombe ahesabu chochote. Pima chupa ya mafuta, mfuko wa unga na mfuko wa mchele asubuhi, na uvipime tena jioni. Kilichopungua kimepikwa, nawe utagawa kwa uzito wa chakula kilichotoka. Kuna nyumba ambamo njia hii imemaliza ugomvi mzima.

*Programu inaonyesha namba tatu tofauti za chakula kimoja.* Namba nyingi humo zimeingizwa na watumiaji wenyewe. Jaribu hivi: zidisha gramu za wanga na za protini kwa 4, gramu za mafuta kwa 9, ujumlishe. Jibu likipishana sana na kalori zilizoandikwa, achana na namba hiyo. Angalia pia kama lebo imeandika kilojuli (kJ), kipimo kingine cha nishati. Gawanya kwa 4.2 upate kalori tunazozungumzia hapa.

*Njaa inanishinda jioni.* Mara nyingi chanzo ni asubuhi ya chai na andazi pekee. Hamishia protini asubuhi, yaani mayai, maharage au maziwa ya mgando, na uongeze mboga za majani zenye mafuta machache chakula cha usiku, ambapo gramu 200 za mchicha wa kuchemsha hazifiki kalori 60. Ikiwa bado unalala ukitetemeka kwa njaa, lengo lako ni la chini mno; lipandishe kwa kalori 150.

*Nimechoka kupima kila kitu.* Baada ya miezi miwili au mitatu, vyakula unavyovirudia vinakuwa na namba zake tayari kwenye daftari, na unaweza kuacha kupima matunda, mboga za majani na vitu vinavyohesabika kwa idadi kama mayai. Endelea kupima mafuta, unga, mchele, karanga na nazi. Wastani wa mwili ukianza kupanda wiki mbili mfululizo, rudi kwenye kupima kila kitu kwa siku 7, ukianza na chupa ya mafuta.